Kisanduku cha Kumi na Nne

Naandika kwa penseli, kalamu ya wino ilivuja garini
kabla sijafika Ibra.
Hojaji zangu arubaini na tatu zimo ndani ya mfuko wa duka la viatu.
Sura ya nne ya tasnifu ni haki za maji na sheria mpya,
na Dokta Muhanna ameandika pembeni kwa wino mwekundu:
Nani mwenye maji? Nataka jedwali, sitaki hadithi.

Haya. Jedwali.

Mfereji, wenyewe wauita falaji, huja chini kwa chini kutoka mlimani,
huchungulia jua kwanza penye kisima cha kunywa,
kisha msikiti, kisha hodhi la kuogea, kisha la kufulia,
mitende mwisho.
Mpango huo haukutungwa na wizara.
Maji yanaujua kwa kuwa yanateremka.

Harith bin Suweid ndiye arifu, mgawa zamu.
Zamani alikuwa fundi wa viyoyozi.
Baba yake alipima kwa nyota
zilipozama nyuma ya kilima kile chenye mnara wa simu;
yeye anapima kwa simu.
Ikilia, anang'oa jiwe na matambara mlango huu,
anaziba mlango ule.
"Na chaji ikiisha?"
Anacheka. "Hapo ndipo ninapomkumbuka marehemu."

Kipimo chao ni athari: nusu saa ya maji.
Nilimpigia bibi yangu, yuko Maskati, nikamweleza.
Alinyamaza, kisha kwa Kiswahili chake cha Wete:
"Kwetu athari ni kile kinachobaki
kitu chenyewe kikishapita."
Neno hilo sikulitia katika sura ya nne.

Daftari la mfereji nimeruhusiwa kulipiga picha, si kulifunua.
Harith analifunua kwa ncha za vidole, kama anayemvua mtoto kofia usingizini.
Rumeidh bin Ghusn, athari moja, usiku wa Jumatano. Amesafiri.
Mwaka wa pili: amesafiri.
Wa tatu: amesafiri.
Wino unabadilika, mwandiko unabadilika,
mawakili wanne wamezikwa, yeye bado yuko njiani.
Pemba, anasema Harith, au Bujumbura,
karafuu au duka la vitambaa, nani ajuaye.
Kila mwaka zamu yake hunadiwa,
na kodi huwekwa kwa jina lake:
kwanza sandukuni, siku hizi benki.
Miaka tisini na sita
hakuna aliyeiba nusu saa ya mtu asiyekuwepo.

Bibi husema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawa wameyazoa kwa kalamu.

Lakini ng'ambo ya barabara kuu kuna mashamba ya majani ya ng'ombe,
na pampu zinazoamka watu wakishalala.
Sheria inakataza kuchimba karibu na kisima mama.
Ninayo, nimeipigia mistari ya njano, kifungu kwa kifungu.
Mkaguzi ana gari moja na wilaya mbili.
Tangu Machi maji yameshuka upana wa kiganja;
nimepima mwenyewe, kwa rula ya shule.
Nusu saa ya Rumeidh ni ileile.
Kilichomo ndani yake ndicho kinachopungua,
na daftari halina safu ya kuandika hilo,
wala hojaji yangu.

Kisanduku cha kumi na nne, aina ya mmiliki:
moja, mtu binafsi; mbili, wakfu; tatu, serikali;
tisa, hajulikani.
Anajulikana, Dokta.
Anajulikana kuliko mimi ninavyojulikana na jirani zangu.
Nimekiacha wazi.
Kompyuta inagoma: huwezi kuendelea.

Saa tisa na robo za usiku, simu ya Harith inalia.
"Zamu ya Rumeidh," anasema,
akiinama kung'oa jiwe,
na kwa sauti ya kumsogezea mtu nafasi
ananiambia nipishe.